Karibu ya Mzee Tabasamu

Kitinda alipopokea ile kamera, aliikuta ina joto. Ilikuwa imetolewa mbele ya macho yake kutoka rafu ya chini kabisa ya kabati la kioo, ambako vumbi lilikuwa limelala kama unga, na muuzaji alikuwa ameishika kwa kitambaa. Hata hivyo chuma chake kilikuwa vuguvugu, kama kikombe kilichotoka tu mkononi mwa mtu.

"Ni taa za kabati," muuzaji alisema kabla hajaulizwa.

Taa za kabati zilikuwa zimezimwa.

Kitinda hakutilia maanani. Alikuwa amemleta baba yake, na furaha ya siku ile hakutaka itiwe doa. Mtaa mzima ulimwita baba yake Mzee Tabasamu, kwa sababu miaka yote aliyokuwa na studio, mtu akikaa kwenye kile kiti cha duara alikuwa anaambiwa neno moja tu: "Tabasamu. Tabasamu kidogo, kama mtu anayemwona mkwe wake anafungasha mizigo." Sasa presha ya macho ilikuwa imemla taratibu hadi akabakiwa na vivuli. Alijua hapa ni dirisha na hapa ni mtu, basi. Kamera yake, ya aina hii hii, aliiuza mwenyewe wakati mkewe amelazwa hospitali. Mke akafa vilevile. Tangu hapo mzee akawa mtu wa kukaa kitini, mikono juu ya magoti, kama anayesubiri kuitwa jina hospitali.

"Utampaje kipofu kamera?" dada yake Kitinda alikuwa amemuuliza kwenye simu, na Kitinda, kitindamimba aliyebaki nyumbani na kazi yake ya duka la dawa, akabadilisha mazungumzo. Alichojua ni kwamba baba yake, usingizini, alikuwa akizungusha kidole gumba hewani.

Pale dukani mzee aliishika kamera kama anayepakata mtoto mchanga. Aliiweka sikioni, akabofya, akasikiliza. Akabadilisha kasi ya kufyatua, akabofya tena, na mlio ukawa mrefu, wa kukwaruza kidogo. "Huyu amelala muda mrefu," alisema, "lakini mapafu ni mazima." Kisha akazipapasa lenzi tatu zilizokuja nayo, ile pana, ile ya kawaida na ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, akavinusa vioo vyake kutafuta ukungu.

"Sasa niazime macho, mwanangu. Tazama kidirishani. Katikati kuna kiraka kidogo cha manjano, unakiona? Ndani ya kiraka hicho kila kitu kinaonekana mara mbili. Zungusha lenzi mpaka picha mbili ziwe moja. Zikikutana, kamera imepima umbali."

Kitinda aliielekeza kwenye kalenda iliyotundikwa ukuta wa mwisho. Kalenda mbili zikaelea kwenye kiraka. Alizungusha, zikasogeleana, kisha lenzi ikawa nzito na kugoma, na kalenda bado zilikuwa mbili. Kitu kingine ndicho kilichokuwa kimekutana. Hakuweza kusema ni nini. Hewa ya pale katikati ya duka ilionekana imeshikana, kama maziwa yanapoanza kuganda.

Baba yake alipapasa lenzi kwa kidole gumba. "Mita sita. Kalenda iko karibu hivyo?"

"Hapana, iko mbali zaidi."

"Basi kipimo kimelegea. Nitakirekebisha." Akaichukua, akaiweka kwenye jicho lake la kulia, lile lenye nafuu, akaigeuza taratibu kuelekea katikati ya duka. Akatulia. Kisha, kwa ile sauti yake ya studio ambayo Kitinda hakuwa ameisikia kwa miaka, akasema, "Karibu, mama. Karibu sana. Samahani, hatukukuona."

Hapakuwa na mtu. Mzee alikuwa na tabia ya kusalimia vivuli, hata nguo zilizoanikwa aliwahi kuziamkia, kwa hiyo Kitinda alitabasamu tu. Lakini muuzaji aliacha kufunga kifurushi. Aliwatazama, akaanza kukifunga tena haraka haraka, na lenzi ya tatu akaitia ndani bila kuitaja bei.

*

Wiki ya kwanza ilikuwa ya raha. Mzee alitia filamu kwa vidole bila kuhitaji macho, akakaa kwenye kiti chake sebuleni akiielekea ile korido ndefu iliyokata nyumba kutoka mlango wa mbele. Alizungusha, alibofya, alivuta filamu, alizungusha tena. Kitinda akirudi kazini alikuta baba yake amenyoa ndevu.

"Unampiga nani picha, baba?"

"Najaribu mashine."

Ndipo ikaja ile harufu ya udongo uliomwagiwa maji, ndani ya nyumba ya ghorofani, wakati wa kiangazi. Kitinda alichungulia chini ya sinki, akanusa mabomba, akamwita fundi. Fundi alifungua kila kilichofunguka, akafunga, akasema bomba zake ni kavu kabisa, kisha akasimama koridoni akijikuna mkono na kuuliza kama kuna mtu mwingine humo ndani, maana alihisi amepishana naye pale.

Kitinda alipeleka filamu ya kwanza kwa fundi wa picha wa zamani, mmoja wa wachache waliobaki wanaosafisha filamu, na alipozipokea picha alizitandaza juu ya kaunta ya duka la dawa. Hazikuwa na mtu. Picha zote zilikuwa za korido tupu. Alipumua. Alikuwa anazikusanya aendelee na kazi alipogundua kitu.

Picha ya kwanza, vigae vya sakafu vya karibu na mlango wa mbele vilikuwa vimeonekana safi, hadi nyufa zake, na kila kilichobaki kilikuwa ukungu. Picha ya pili, mstari ule ulioonekana safi ulikuwa umesogea kigae kimoja. Ya tatu, kingine. Baba yake alikuwa anapima kitu kisichoonekana, na kitu hicho kilikuwa kinatembea kuja.

Jioni ile alikaa miguuni pa baba yake. "Baba, niambie. Kidirishani unaona nini?"

Mzee aliipangusa lenzi kwa ukingo wa shati. "Utasema nimezeeka."

"Sitasema."

"Mama yako." Alisema kwa aibu, kama kijana aliyefumwa. "Namwona kama nilivyokuwa nakuona wewe zamani. Namaanisha kuona kabisa, Kitinda, siyo vivuli. Amevaa lile gauni lake la kijani. Siku ya kwanza, pale dukani, sura sikuipata, nilijua ni mwanamke tu. Alipofika hapa nikatia lenzi ndefu nimvute uso. Ni yeye. Kila alasiri mwanga ukilala, anasogea kidogo."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Ananitazama. Anasubiri nimpige picha, nikishapiga anasogea."

Kitinda alitazama koridoni. Ilikuwa tupu, na harufu ya udongo ilikuwa nzito kiasi cha kuhisiwa ulimini.

*

Alasiri zilizofuata mzee alianza kupungua mbele ya macho ya Kitinda. Chakula alikionja akasukuma sahani. Mikono yake ikawa baridi, na baridi hiyo haikuondoka hata kwa blanketi mbili na chupa ya maji moto. Daktari alimpima damu, mapigo na kifua, akasema hajaona kitu, labda huzuni. Lakini mzee hakuwa na huzuni. Alikuwa anacheka peke yake. Alikuwa ameondoa lenzi ndefu, ametia ya kawaida, na juzi, kwa furaha, alikuwa ameomba apewe ile pana. "Haenei tena," alisema. "Amekuwa karibu mno."

Kitinda aliificha kamera kwenye ndoo ya nguo chafu. Aliporudi kutoka kazini alimkuta baba yake anatambaa sakafuni, amevunja glasi kwa kupapasa, viganja vinatoka damu, na analia bila sauti. Hakumlaumu. Alisema tu, "Mwanangu, mara ya kwanza nilimpoteza nikiwa naona. Usinipotezee mara ya pili." Kitinda akaosha vile viganja, akavifunga, na kwa mikono yake mwenyewe akaenda kuitoa kamera kwenye ndoo, huku akijichukia.

Kesho yake aliiiba baba akiwa amesinzia, akaipeleka dukani. Muuzaji alipomwona mlangoni alinyanyua viganja vyote viwili.

"Hata ukiiacha barabarani, dada, haitasaidia. Huyo hakai tena kwenye kamera. Anakaa kwa aliyemkaribisha."

"Ulijua."

"Niliuziwa na mjane. Mumewe alikuwa anamwona mtoto wao aliyezama. Nami nikajiambia nikinyamaza na nisiitumie, hainihusu." Hakuthubutu kumtazama machoni. Aliandika anwani kwenye mfuko wa karatasi. "Nenda kwa huyu mama. Nenda leo."

Mganga alikuwa mwanamke mnene mwenye pumu, akikaa kwenye chumba chenye televisheni iliyozimwa sauti. Alimsikiliza Kitinda bila kumkatiza, akainusa ile kamera, akaisukuma mbali kwa kidole kimoja.

"Kidirisha hiki kinaonyesha kila kitu mara mbili, siyo? Na anayetazama anataka viwe kimoja. Hapo ndipo alipopata mlango. Ni jini la upweke, binti. Linavaa uso unaoulilia." Alivuta pumzi kwa shida. "Mwisho wa hilo duara la lenzi ni wapi?"

"Chini kidogo ya mita moja. Haliendi zaidi ya hapo."

"Siku duara likigota mwishoni, jini litakuwa limemfikia. Hutakuwa na baba."

"Litoe, mama. Nitakupa chochote nilicho nacho."

"Mimi siwezi. Nyie ndio mliosema karibu, yaani yeye. Aliyesema karibu ndiye anayesema toka. Aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, akiwa anamtazama."

Kitinda aliuliza lile alilokuwa akiliogopa. "Na kama ni mama yangu kweli?"

Mganga alimtazama kwa huruma iliyochoka. "Mama yako angekuja kumla baba yako?"

*

Mzee alikataa. Alikataa kwa upole, akimshika Kitinda mkono kwa vidole vilivyokuwa kama vijiti vilivyolala kwenye maji. "Nimekuelewa. Huenda kweli ni jini. Lakini lina uso wake, mwanangu, na mimi huo uso nimeumisi kupita kiasi. Niache niende nikiutazama."

"Na mimi unaniacha na nani?"

Mzee aligeuza shavu upande wa dirisha, upande wa mwanga.

Kitinda hakwenda kazini; akiwa bado amevaa koti lake la kazi, alisihi siku nzima. Alimpigia dada yake, simu haikupokelewa. Alimpigia mganga, naye akaja kwa kupumzika kila ghorofa, lakini alipofika kizingitini alisimama, akashika fremu ya mlango, akasema kwa kunong'ona, "Mimi humo siingii. Limejaa. Nitakuwa hapa nje nasoma dua. Mfanye aseme." Alasiri ikaanza kulala. Ule mwanga wa rangi ya asali ukaingia koridoni, na mzee akainua kamera.

"Yuko wapi?" Kitinda aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimtoka kama ya mtoto.

Kidole gumba kilisogea. "Mita moja na nusu." Akabofya. Akavuta filamu. "Mita moja na kidogo."

"Baba, mwambie atoke."

"Anatabasamu," mzee alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka chini ya kamera.

Akabofya tena. Harufu ya udongo ilijaa hadi Kitinda akakohoa, kuta zikatoa jasho, saa ya ukutani ikaacha kugonga, na kutoka pale mbele ya kiti cha baba yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, ukasikika mguu mtupu ukikanyaga kigae, taratibu, ukibandika na kubanduka kama mguu uliotoka majini, na kidole gumba cha mzee kikazidi kusukuma duara la lenzi kuelekea mwisho wake, unene wa unywele tu ukabaki, na Kitinda, ambaye alikuwa amekwisha omba, amekwisha lia, amekwisha piga magoti, aliinuka bila kujua anakwenda kufanya nini akajitupa pale katikati, kati ya baba na kile kitu, mgongo kwa korido, uso kwa lenzi, ndani kabisa ya ile baridi.

Kitu kikamgusa shingoni.

Mzee aliganda. "Kitinda. Ni wewe huyo?"

Kitinda alijishika koo. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya kukoroma, ya kukabwa, akapiga teke meza ndogo ikaanguka na vikombe vyake. "Ba... ba..."

"Mke wangu," mzee alisema, jicho bado kidirishani. "Unamfanya nini mtoto? Toa mikono. Toa mikono shingoni mwa mtoto."

Kitinda akakoroma zaidi, akalegeza magoti.

Uso wa mzee ulibadilika. Ile furaha ya wiki zote ilimtoka kama maji yanavyotoka kwenye beseni, na chini yake palikuwa na kitu kigumu, kikavu. "Basi si wewe," alisema. "Mke wangu asingeweza." Akavuta pumzi. "Mimi ndiye niliyekukaribisha. Kwa kinywa hiki hiki. Sasa toka. Toka nyumbani kwangu, toka machoni pangu, usirudi tena."

Chini ya kidole chake lenzi ilianza kuzunguka yenyewe. Ilirudi nyuma, mita moja, mbili, nne, huku mzee akiishika kwa nguvu na isishikike, na koridoni ukasikika mlio wa mwanamke anayelia, ukirudi nyuma nao kadiri duara lilivyozunguka, ukapita kizingitini ambapo mganga alipiga yowe na kuanguka kwa makalio, ukashuka ngazi, ukawa mdogo, ukawa mbali, hadi duara likagota upande wa pili kabisa, upande wa umbali usio na mwisho. Kisha saa ya ukutani ikagonga.

Mzee alishusha kamera mapajani. "Nani amezima taa?" aliuliza.

Ilikuwa bado mchana.

*

Vile vivuli havikurudi tena. Giza lake likawa kamili, lakini alikula. Alikula siku ile ile, vijiko vingi, na usiku mikono yake ikapata joto. Mganga alisema kazi imekwisha, akaichukua kamera na lenzi zake ndani ya mfuko wa nailoni, na hakusema anazipeleka wapi. Harufu ya udongo iliisha. Dada yake Kitinda alikuja kukaa nao kwa muda, akampikia baba, akamsifu mdogo wake kwa majirani. Alisema bila Kitinda mzee angekuwa kaburini, na hilo lilikuwa kweli.

Mzee hakuzungusha tena kidole gumba hewani. Alikaa kitini. Mara nyingine, wakati ambao zamani ulikuwa wa mwanga wa asali, aliinua kichwa.

"Kitinda."

"Naam, baba."

"Shingo bado inauma?"

"Imepona, baba."

"Alikubana sana?"

"Sana."

"Basi hakuwa mama yako." Aliitikia kwa kichwa, akairudisha mikono yake juu ya magoti. "Hakuwa yeye."

"Hakuwa yeye, baba."

Angemwambia nini? Kwamba hakukabwa? Kwamba mikono ile ilikuja baridi, ndiyo, baridi sana, lakini ilikuja polepole, na ikakuta koti lake la kazi kola yake imejikunja kwa ndani upande wa kushoto, kama inavyojikunja kila siku anapovaa kwa haraka? Vidole viwili viliingia chini ya ile kola, vikaikunjua, vikainyoosha, kisha kiganja kikaipiga pasi mara moja juu ya bega, kama mtu anayemtoa mtoto wake mlangoni aende shule. Hapo ndipo Kitinda alipojishika koo na kuanza kukoroma.

Alimuuliza mganga, baadaye, siku moja ya mvua, akiwa amesimama mlangoni kwake na hataki kukaa. Mganga alimsikiliza hadi mwisho. Alisema majini yanajua kupapasa pia, kwamba yanajua kila kitu tulichowahi kufanyiwa. Alisema hivyo akitazama televisheni.

Kitinda alirudi nyumbani kwa miguu. Alifungua mlango, akamsikia baba yake anauliza ni nani, akajibu ni mimi. Alivua koti lake lililolowa, akalitundika koridoni, na alibaki amesimama pale kwa muda mrefu, mgongo kwa mlango, akiwa hajainyoosha kola ya lile koti, akingoja.

Hakuna aliyeigusa.